Kaseti ya usiku ule wa roki: jinsi ya kuisikiza tena

Usiitie kwenye redio kaseti papo hapo. Mimi nilifanya pupa, tepu ikaliwa, na gita tulilolifuata mwaka 1978 kwa kuvuka feri ya Likoni, mimi na shati la kuazima, likakatika katikati.

Kwanza ifungue uitazame juani. Joto letu la Mombasa na unyevu wa bahari huotesha kuvu. Ukiona unga mweupe kingoni mwa tepu, iache: kuvu huhamia kwenye hedi ya redio (kile kichwa kinachogusa na kusoma tepu) na kuambukiza kaseti nyingine. Ikiwa safi, tia penseli ya pembe sita kwenye tundu, zungusha polepole hadi mwisho, kisha uirudishe. (Zamani tulifanya hivi kuokoa betri.) Futa hedi kwa pamba na spiriti, ikauke.

Sasa unganisha waya kutoka tundu la hedifoni hadi kompyuta, urekodi upande mzima. Kaseti ya 60 ni dakika 30 kila upande. Usikate makelele. Kwenye yangu, kabla ya ngoma kuingia, kaka anasikika: "We, nishikie viatu!"