SOMO: Trei ya dukani haitotoi. Jua yai lenye mbegu kabla hujajaza mashine

Wakuu, salaam kutoka Uyole, Mbeya. Kila wiki naulizwa lile lile: "Nimenunua trei ya mayai pale sokoni Mwanjelwa, nimeyaweka kwenye mashine ya kutotolea siku 21, halijatoka hata moja, mashine ni mbovu?" Mashine nzima. Umetotolesha mayai ya kuku ambao hawajawahi kupandwa. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namleta hapa.

Tetea hahitaji jogoo ili atage. Kinachomsukuma ni umri, chakula na mwanga. Kiini kikikomaa kinadondoka, na yai linachukua saa 24 hadi 26 kukamilika, nyingi kati ya hizo zikiwa za kujenga ganda tu. Mbegu ya jogoo, kama ipo, hukutana na kiini mwanzoni kabisa, kwenye robo saa ya kwanza, kabla ute haujakizunguka. Kwa hiyo yai lililotoka bila mbegu ndiyo limetoka hivyo. Kuliweka banda moja na jogoo hakusaidii kitu, na ndiyo, niliwahi kuulizwa.

Hatua ya 1. Jogoo mmoja kwa matetea 8 hadi 10.

Hatua ya 2. Subiri kama wiki mbili ndipo ukusanye ya kutotolesha. Ukibadilisha jogoo, subiri wiki tatu baada ya kumtoa wa zamani. Tetea ana vijifuko ndani vinavyotunza mbegu, anaendelea kuzitumia hata baba wa watoto ameshauzwa. Ndiyo maana mtu analeta jogoo wa aina ya Kuchi, vifaranga vinatoka sura ya yule wa mwanzo, halafu anamlaumu aliyemuuzia.

Hatua ya 3. Okota mara mbili kwa siku, usioshe, ncha nyembamba iangalie chini, yasizidi siku 7. Nyuzi 13 hadi 18 zinafaa, na kwetu huku chumba cha kawaida kinatosha. Juni na Julai yasogeze mbali na dirisha. Kabla ya kuyaingiza kwenye mashine yaache yapoteze ubaridi, la sivyo yanatoka jasho na uchafu unaingia kwenye vitundu vya ganda.

Hatua ya 4. Vunja mawili matatu ya mfano kwenye sahani. Juu ya kiini kuna kidoa cheupe. Kikiwa kidogo, kizito, kingo zimekaa ovyo, hakuna mbegu. Kikiwa kimepanuka na kuwa duara, katikati pamepauka na ukingo unaonekana wazi, mbegu ipo.

Hatua ya 5. Kupima kwa tochi. Hapa tulieni. Siku ya 7, usiku, taa zimezimwa. Yai hai lina doa jeusi, na mishipa myekundu imetawanyika kama miguu ya buibui. Ukishika bila kutetemesha, doa lenyewe linachezacheza. Yai linalong'aa lote bila kitu, liweke pembeni. Ila USISEME bado kwamba jogoo hafai! Baadhi yalikuwa na mbegu, kijusi kikafa siku mbili tatu za mwanzo, na kwa tochi yanaweza kufanana. Yavunje uangalie. Ukikuta duara la damu, mbegu ilikuwepo: tafuta kosa kwenye joto, kugeuza au muda wa kuhifadhi. Kuchi wangu mmoja aliliwa na wali kabla sijajua hili, kumbe kipimajoto ndicho kilichokuwa kinadanganya. Na ganda la kahawia ni gumu kusoma. Ukiwa na shaka, rudisha, pima tena siku ya 10.

Hatua ya 6. Nyuzi 37.5 hadi 37.8 kwa mashine yenye feni. Geuza mpaka siku ya 18, kisha acha na uongeze unyevu.

MASWALI

Mdau wa Mbalizi: Mkuu, mimi niliweka ya dukani yamegoma, tatizo nini?
– Soma kichwa cha habari.

Mama Mafinga: Mwalimu, yale yaliyong'aa siku ya 7 tunaweza kukaanga?
– Mama, mimi sili wala siuzi. Yamekaa wiki nzima kwenye joto. Nachemsha, napondea nguruwe.

Mjukuu: Unatisha watu bure. Bibi yangu Tukuyu hana jogoo na kuku wake wanatotoa.
– Bibi hana, jirani anaye. Kuku wa kujitafutia haombi ruhusa.

Mjukuu: Unajuaje jirani anaye?
– Muulize bibi.

Dada wa Njombe: Kaka, kaka yangu anatunza nyoka wa maonyesho, kibali anacho. Ana chatu jike, yupo peke yake, ametaga! Ni mambo haya haya?
– Swali zuri dada. Ndiyo, nyoka jike pia anaweza kutaga bila dume. Mara nyingi ni viza: madogo, manjano, yanasinyaa na kuota ukungu. Mazuri huwa meupe na yamejaa. Lakini asitupe haraka. Kwanza, kama aliwahi kukaa na dume, nyoka anaweza kutunza mbegu muda mrefu kuliko kuku. Pili, mara chache sana jike huzaa bila dume kabisa. Mwaka 2012 kule Louisville, Marekani, chatu aitwaye Thelma aliangua sita, wote majike, na hakuwahi kukaa na dume. Bata mzinga wa huko huko Marekani waligundulika na jambo hilo miaka ya 1950. Kwa kuku hutokea kwa nadra, na karibu vijusi vyote hufa mapema.
Mwambie pia mayai ya nyoka HAYAGEUZWI kama ya kuku, yakae upande ule ule alivyoyakuta. Jike ampe maji, na kama tumbo bado lina uvimbe unaoonekana, yai limekwama, aite daktari wa mifugo.

Dada wa Njombe: Ndaga fijo kaka!

Kijana Uyole: Tochi ya simu inafaa?
– Inafaa. Boksi la viatu, toboa tundu dogo kuliko yai, simu ndani. Mwanga usivuje pembeni.

Mama Mafinga: Na umeme ukikatika usiku?
– Usifungue mashine. Funika kwa blanketi, acha matundu ya hewa. Umeme ukichelewa kurudi, ingiza chupa za maji ya moto, zisiguse mayai.