Silabi Mbili za Mwisho: Jinsi ya Kulipa Neno Moja Maana Tatu

Panda matatu ya Rongai jioni, ukae karibu na makanga. Neno lake ni moja tu, "umelipa". Akimwuliza abiria aliyeingia sasa hivi, sauti inapanda kwenye "li". Mama akinyoosha noti mara ya pili, inashuka: umelipa, mama, weka pesa zako. Akimfikia kijana anayejifanya amelala, "li" inavutwa, "umeliiipa", na gari zima linajua hajalipa.

Mimi husoma matangazo ya redio, na hivi ndivyo ninavyowafundisha wanaoanza kutumia kiimbo, yaani kupanda na kushuka kwa sauti.

Hatua ya 1: Jirekodi. Sema "Mama amefika" kwenye simu kama taarifa, kisha kama swali, kisha kama mtu ambaye hakumtarajia kabisa. Usibadilishe neno. Bodaboda wakikusumbua nje, ingiza kichwa kabatini kati ya nguo. Usicheke, matangazo kadhaa nimeyasomea humo.

Hatua ya 2: Sikiliza mwisho. Mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kiimbo hufanya kazi yake papo hapo. Kwenye taarifa, "fi" inateremka kuelekea "ka". Kwenye swali, sentensi nzima hukaa juu kidogo na "fi" inaruka. Kwenye mshangao, inarefuka. Husikii tofauti? Pengine ulianzia juu mno, ukakosa pa kupandia.

Nilipoanza kazi, nilisoma tangazo la duka la viatu nikaishusha "karibuni" hadi chini kabisa. Mteja akaniuliza maziko ni saa ngapi.

Mkazo wenyewe usiuhamishe ovyo. BaraBAra ni njia ya magari. BaRAbara ni sawasawa.

Hatua ya 3: Acha kupigia neno kelele. Hapa ndipo sisi wa Nairobi tunapopotea, kwa sababu Kiingereza kimetuzoesha kusisitiza kwa kulipaza neno: "ATIENO alilipa." Kiswahili kina njia yake: "Atieno ndiye aliyelipa." Kazi kubwa imeshafanywa na "ndiye", sauti ikisukuma tena, unasikika kama unagombana.

Hatua ya 4: Zoezi la "sawa". Hili ndilo nilipendalo. "Sawa" fupi inayoshuka: tumekubaliana. Inayopanda: tumeelewana? Kavu, iliyokatwa ghafla: sitaki kusikia zaidi. Halafu kuna ile "saaawa" ndefu inayoishia kwenye pumzi, ambayo mama hukupa kwa simu ukimwambia Desemba hutafika nyumbani. Hiyo ni ngumu kuigiza. Wanafunzi wengi huivuta "sa" wakasahau kuilegeza "wa", ikatoka kama dharau badala ya huzuni.

Rekodi zote nne bila mpangilio, umpe mtu asikilize akiwa hakuoni uso, aseme kila moja ina maana gani. Mimi humpa dada yangu. Akikosea hata moja, narudi kabatini.