Neli mbili, mchanganyiko mmoja: kuona kazi ya ukuta wa kioo

Jaribio hili linaonyesha ukuta wa neli unavuta kimiminika kipi kati ya viwili. Maji na lutidini (ile 2,6, kimiminika cha kikaboni) huchanganyika vizuri yakiwa baridi, yakafarakana yakifika karibu nyuzi 34 za Selsiasi. Kwa maabara za Unguja na Pemba hiki ni kikomo kizuri: kiko juu kidogo ya joto la chumba, kwa hiyo huhitaji mashine ya kupoza. Asidi ya isobutiriki na maji hugawana kinyume chake, yakipozwa hadi karibu nyuzi 26. Hapo mchana wa Januari hutafika bila barafu.

Kazi kubwa ni kioo. Chukua neli mbili zinazofanana. Zioshe kwa sabuni ya maabara, zisuuze mara tano kwa maji yaliyokenekwa, zikaushe kwenye oveni. Tone la maji litandae lote. Likijikusanya, osha tena. Usitumie maji ya kisima cha pwani hata kwa kusuuza, maana chumvi kidogo tu hushusha joto la kugawana.

Neli ya pili ijaze diklorodimethilisilani (silani, dawa ya kufanya kioo kikatae maji) ya asilimia 2 ndani ya heptani, dakika kumi, chini ya kabati la kufyonza mvuke na ukiwa na glavu, kwani hutoa gesi ya asidi ya hidrokloriki. Isuuze kwa heptani, iache ikauke kabisa, ndipo uitie oveni nyuzi 110 kwa saa moja. Sasa tone la maji litasimama kama umande juu ya jani la yugwa. Wakati wa masika silani huchafuka kwa unyevu wa hewa kabla hujamaliza. Fungua chupa dakika ile ile ya kuitumia.

Pima gramu 2.86 za lutidini na 7.14 za maji, gawa kwenye neli zote mbili, funga kwa vifuniko vya tefloni. Vya mpira huliwa. Lutidini inanuka vibaya, ni sumu na inashika moto.

Zitie pamoja kwenye beseni la lita kumi linalokorogwa. Anzia nyuzi 32, panda kwa 0.5 hadi 33.5, kisha 0.05, ukingoje nusu saa kila hatua. Haraka ndiyo huharibu: ukuta hupata moto kabla ya katikati, weupe huanzia pembeni, nawe ukadhani ni nguvu ya kioo.

Karibu na kikomo mchanganyiko huwa na ubuluu wa moshi, kisha mweupe kama tui la pili. Ndani yake vifungu vya maji mengi na vya lutidini nyingi vinakua: nanomita 7 hivi ukiwa nyuzi 1 mbali na kikomo, 30 ukiwa 0.1, zaidi ya 100 ukiwa 0.01. Athari ya ukuta huingia ndani kwa kina hicho hicho.

Vuka kikomo, angalia mpaka wa tabaka mbili. Neli safi: tabaka la maji, lililo chini, hupanda kando ya kioo. Neli ya silani: mpaka hujikunja chini, lutidini ikishika ukuta. Mpaka ukitokea karibu na chini, lutidini imezidi. Ongeza maji tone moja moja.

Wanafizikia Fisher na de Gennes walitabiri mwaka 1978 kuwa kuta mbili zilizokaribiana ndani ya mchanganyiko kama huu zitasukumana au kuvutana. Mwaka 2008 nguvu hiyo ilipimwa moja kwa moja, kwa maji na lutidini hii hii. Kuta zinazopenda kimiminika kimoja huvutana, zinazopingana husukumana.