Weldingi ya otomatiki bila roboti: jinsi ya kuanza kwenye kiwanda kidogo hapa Kigoma

Mafundi wenzangu, hii naandika kwa sababu swali linarudi kila mara, hasa kwa wale wanaotengeneza mitambo ya mawese, kwamba hivi weldingi ya otomatiki inawezekana huku kwetu au mpaka uwe na roboti. Inawezekana na roboti huihitaji. Unahitaji mashine ya MIG (ile inayosukuma waya yenyewe badala ya rodi), mota ya waipa ya gari, gia boksi na stendi ya kushikia tochi, yaani ule mkono wa mashine unaotoa waya, basi. Ila ujue kitu kimoja kabla hujatoa hela, mashine inachukua kazi ya mkono tu, macho haina. Wewe ukiona uwazi kati ya vipande umepanuka unapunguza mwendo unajaza, yenyewe inapita tu na inakuachia tundu. Kwahiyo kama mikato yako ni ya kubabaisha, anza na kununua grainda nzuri na kujifunza kukata kwanza, haya mengine yasubiri.

Kwanini MIG na sio hizi mashine za rodi ambazo kila mtu anazo? Rodi inaisha inapungua urefu, mtu anaisogeza mwenyewe, ukitaka kifaa kifanye hivyo unajitafutia kazi ngumu. Kwenye MIG waya unasukumwa kwa spidi ileile na mashine inashikilia volti zisibadilike. Tochi ikisogea karibu, moto (ile cheche kati ya waya na kazi) unakuwa mfupi, ampia zinapanda, waya unaungua haraka na moto unarudi urefu wake. Tochi ikiwa mbali inakuwa kinyume chake. Yaani inajirekebisha yenyewe na hakuna mtu aliyeigusa, na hapo ndo nusu ya otomatiki unayo tayari, kilichobaki ni mwendo tu.

Sasa mwendo, usianze na kusogeza tochi. Zungusha kazi, tochi itulie. Mshikaki ndo unageuzwa, jiko halihami. Kazi zetu nyingi ni za duara, mapipa ya kuchemshia chikichi, silinda za kukamulia, flanji, shafti, zote hizo zinafaa kuzungushwa.

Hesabu yake iko hivi. Bomba la kipenyo cha milimita 300 lina mzingo wa milimita 942. Mwendo mzuri kwa pleti ya milimita 4 anzia kwenye milimita 350 kwa dakika, kwahiyo mzunguko mmoja unakula kama dakika 2 na sekunde 40. Mota za waipa nyingi zinazunguka kama mara 40 hadi 60 kwa dakika, hiyo ni spidi kubwa mno. Watu wanakimbilia kuipunguza kwa kontrola ya spidi mpaka inakuwa inajivuta, halafu wanashangaa inakwama kazi ikiwa nzito upande mmoja. Punguza kwa gia kwanza. Gia boksi ya 1 kwa 60, halafu cheni yenye spoketi ya meno 15 inayovuta ya meno 30, mota ya mizunguko 45 inakupa kama 0.37 kwa dakika, na hiyo ndo unayoitaka kwa bomba la 300. Kontrola ibaki ya kurekebisha kidogo kidogo. Kazi ikiwa na kipenyo kidogo unabadilisha spoketi. Mota ilishe kwa betri ya gari, hata umeme ukishuka jioni mwendo haubadiliki.

Hapa sasa ndo pa kuwa makini, ethi, yaani waya wa kurudisha umeme kwenye mashine. Usibane klampu ya ethi kwenye fremu. Ukibana kwenye fremu umeme wa weldingi unapita kwenye beringi kwenda kwenye kazi, zile gololi zinapigwa cheche ndani kwa ndani, siku chache tu unasikia kitu kinakwaruza, ukifungua unakuta njia ya gololi ina vidoti vidoti. Chukua kipande cha shaba nene au brashi za kaboni za mota kubwa, mbili au tatu, zifunge kwenye mkono wenye springi zikandamize ile pleti inayozunguka na kubeba kazi, na klampu ibane hapohapo kwenye shaba. Pia mota ya waipa bodi yake mara nyingi ndo hasi, kwahiyo iweke juu ya kipande cha nailoni au mpira mgumu na bolti zake uzivalishe plastiki, la sivyo umeme wa weldingi utajitafutia njia ya kurudi kwenye nyaya nyembamba za betri na utaona moshi.

Kuseti mashine, kwa waya wa milimita 1.0 na gesi ya CO2 anzia volti 20 hadi 22 na ampia 150 hivi, gesi lita 12 hadi 15 kwa dakika, waya utoke milimita 10 hadi 15 kwenye tipu. Kama unafanyia kazi kibanda wazi na upepo wa ziwa unaingia, gesi inapeperushwa na weldi inakuwa na matundu kama sifongo, hapo weka mapazia au tumia waya wenye dawa ndani usiohitaji gesi, ila kumbuka kugeuza nguzo za umeme (chanya na hasi), waya huo wenye dawa kwa kawaida unataka tochi iwe hasi wakati waya mtupu wa gesi unataka tochi iwe chanya. Wengi wanasahau wanalaumu waya.

Tochi usiiweke kileleni kabisa. Kama bomba linazunguka kuelekea kulia, iweke kushoto kidogo ya kilele, milimita 15 hivi kwa bomba la 300, ili uji wa chuma ufike juu ukiwa unaganda. Washa moto, subiri kama nusu sekunde uji utengenezeke, ndo mota ianze. Ukimaliza duara pitiliza pale ulipoanzia kwa milimita 10 hadi 20. Hii unaweza kuifanya kwa rilei na swichi ndogo inayoguswa na kidole kwenye pleti, au bonyeza kwa mguu tu, mwanzoni mguu unatosha.

Halafu angalia asilimia iliyoandikwa kwenye mashine. 250A kwa 60% maana yake katika dakika 10 inachoma 6 na kupumzika 4. Mtu anapumzika mwenyewe, kifaa hakipumziki, kwahiyo kwa kuchoma mfululizo mashine hiyo ihesabu kama ya ampia 190 hivi.

Kazi ninayoipenda zaidi ni kujaza parafujo za kukamulia mawese zilizolika na shafti zake. Na sio wazo jipya hata kidogo, mwaka 1920 P. O. Nobel wa General Electric kule Marekani alitengeneza mashine iliyosukuma waya yenyewe kwa kufuata volti za moto, na ilitumika kujaza shafti za mota na magurudumu ya kreni yaliyolika. Kwa shafti ya milimita 60 mzingo ni 188, kwahiyo unahitaji mizunguko kama 1.9 kwa dakika. Tochi ifunge kwenye nati inayotembea juu ya fimbo ya nyuzi ya M12 (unene wa milimita 12), nyuzi zake zinasogea milimita 1.75 kwa mzunguko, ukizungusha fimbo mara 2 kila shafti inapomaliza mzunguko 1 unapata hatua ya 3.5, na kila mstari unalalia ule wa kabla. Kwa chuma kigumu cha shafti pasha kwanza mpaka nyuzi joto 150 hadi 200, na ukimaliza izike kwenye majivu makavu ipoe taratibu, ukiipoza kwa maji itapasuka, tena inaweza kupasuka kesho yake mteja ameshaondoka nayo.

Usalama kifupi. Pipa lililowahi kuweka petroli au dizeli usiliguse. Ukichomelea ndani ya tangi ujue CO2 ni nzito kuliko hewa inakaa chini, weka feni na mtu wa kukuangalia. Na kwa sababu mikono yako sasa iko huru usijisahau ukaangalia bila kofia ya weldingi.

Kwa mishono iliyonyooka kama bodi za tela, tengeneza kigari chenye roli za geti la kusukuma kikimbie juu ya engo, mota na hesabu ni zilezile. Kule mwanzo na mwisho wa mshono taki (shikiza kwa weldi ndogo) vipande vya chuma vya ziada, moto uanzie na kuishia kwenye hivyo, halafu unavikata kwa grainda.