Wikendi ya Pemba: tazama mwezi kabla ya tiketi

Mara mbili kwa mwaka nawachukua wenzangu wa kazini hapa Unguja mjini, nawapeleka kwetu Konde, kaskazini ya Pemba. Tunatoka Ijumaa, tunarudi Jumapili. Nimeona wengi wakipanga safari kama hii kwa kuanzia na tiketi, halafu pa kulala, na chakula kinakuwa cha mwisho. Wakifika wanakula kilichobaki. Mie naanza na mwezi.

Chukua kalenda ya Kiislamu. Mwezi mosi hadi mwezi tatu hivi, yaani siku za mwezi mwandamo, na tena mwezi kumi na nne hadi kumi na saba, ni bamvua. Bahari hujaa sana na hupwa sana, na kupwa kwenyewe huangukia saa 4 hivi za asubuhi. Miamba inabaki nje, na akina mama wanashuka kutafuta pweza. Ukija mwezi saba au ishirini na mbili unakuta maji mafu, bahari haiendi mbali na pweza anakuwa wa shida. Safari yangu ya kwanza na wageni niliiweka kwenye maji mafu kwa sababu ndiyo wikendi waliyopata nafasi. Walivuka bahari kuja kula pweza, wakala kuku. Nilisikitika sana, na tangu hapo mwezi ukikataa, tunaahirisha.

Ulizia pia kama bahari iko wazi. Vipo vijiji, Kisiwa Panza kimojawapo, ambavyo hufunga sehemu ya miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Ukikuta imefungwa, usimtie mtu tamaa ya pesa akakuvulie kwa siri. Wanaoumia ni wale mama waliovumilia kusubiri.

Kuhusu msimu: masika, Machi hadi Mei, mvua inaharibu njia za shamba. Julai na kuendelea karafuu zinaanza, utazikuta zimeanikwa kwenye majamvi mbele ya nyumba, harufu inakufuata mpaka ndani ya gari. Lakini ndiyo miezi ya upepo wa kusi, na mkondo wa Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, unatikisa. Anayetapika baharini apande ndege, ni nusu saa tu hadi Chake Chake, mji tunaouita Chake. Ramadhani usije kwa matembezi ya mchana, labda uwe umealikwa kufuturu.

Boti hushusha Mkoani, bandari ya kusini ya Pemba, na hazitoki kila siku, kwa hiyo hakikisha kwanza ya kurudi, ndipo ukate ya kwenda. Daladala 603 ni ya Mkoani na Chake, 602 ni ya Chake na Konde. Ni rahisi, ila jioni zinakatika mapema. Mkiwa wanne na kuendelea, kodini gari na dereva wa hukohuko. Laleni Chake, ndiyo katikati.

Sasa chakula, na hapa naomba unisikilize. Mikahawa ya mjini inatosha kwa asubuhi: chai ya maziwa, vitumbua, supu. Chakula chenyewe cha Pemba kiko majumbani. Tafuta mwenyeji kupitia mtu unayemjua, au kupitia dereva wako, mpigie siku tatu kabla, mwambie mko wangapi na mnataka nini, na umtumie nusu ya pesa kwa simu ili anunue vitu. Hilo la pesa usione haya kulizungumza. Mpemba atakukaribisha bure mpaka umtie hasara, kwani mgeni kwake ni heshima. Wewe ndiye wa kumwahi. Agiza pweza wa nazi, wali, mchuzi wa chukuchuku, na mkate wa kumimina. Kama shelisheli zipo, zichemshwe pia. Usiagize vitu kumi, kwa sababu jiko ni moja na mpishi ni mmoja.

Omba muwahi kufika muone akipika. Shangazi yangu akimpata pweza humpigapiga juu ya jiwe kwa muda mrefu, anamgeuza na kumsugua mpaka povu jeupe linatoka na minyiri inalegea. Anamweka sufuriani bila maji na bila chumvi. Pweza anatoa maji yake mwenyewe, ya rangi ya zambarau, na ndani ya hayo ndimo anamoivia. Tui jepesi linafuata pamoja na kitunguu, thomu, bizari na pilipili, chumvi ni sasa, na tui zito la mwisho kabisa, huku anakoroga taratibu lisikatike. Ndimu anakamulia nje ya moto. Niliwahi kumharakisha kwa sababu gari lilikuwa linasubiri, tukatafuna mpira. Tenga saa mbili nzima, usizibane.

Matembezi yapange kuzunguka sufuria hiyo. Jumamosi saa 1 asubuhi ondokeni Chake, piteni Konde mwone mwenyeji, kisha ingieni msitu wa Ngezi. Mnalipa getini na kutembezwa na mtu wa msitu. Mwambie awaonyeshe mpapindi, mnazi-mwitu wa Pemba. Barabara hiyohiyo inakwenda Ras Kigomasha, kwenye mnara wa taa wa mwaka 1900, na pwani ya Vumawimbi. Vumawimbi hakuna duka, bebeni maji. Akina mama wakiwa miambani, salimia kwanza, na kamera isitoke mfukoni mpaka uruhusiwe. Nguo ziwe za kufunika mabega na magoti, hata pwani.

Saa 7 mnakula. Jioni mkirudi pitieni Kidike muone popo wa Pemba, ambaye hapatikani kwengine popote duniani. Wananing'inia mitini mchana kutwa, na mbawa zake zikikunjuliwa hufika mita moja na nusu. Wazee wetu walikuwa wakiwala, karibu waishe. Leo wanakijiji ndio walinzi wao, na ile pesa ya kiingilio mtoe kwa moyo.

Jumapili asubuhi nendeni Pujini, kwenye magofu ya Mkama Ndume, mtawala wa zamani wa Pemba. Yamebaki machache, lakini ombeni muonyeshwe kisima. Hadithi inasema alikigawa kwa ukuta ili wake zake wawili wasionane wanapoteka maji. Mie huwa nasimama pale muda, nikiwafikiria wale wanawake.

Zawadi: karafuu kavu usinunue njiani ukavuka nazo. Zinauzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na ukikamatwa hilo ni magendo. Chukua halua. Usinunue ile ya kwanza unayoonyeshwa. Omba uonje, ibonyeze kwa kidole. Iliyopikwa ikaiva inavutika, inaacha samli kidogo kidoleni na haishiki menoni. Iliyoharakishwa ina ladha ya wanga. Fungiwa kwenye kikapu cha ukili, uipakate mwenyewe kwenye boti isikandamizwe na mizigo. Ukifika nyumbani usiitie kwenye friji, itakakamaa. Iache mezani, weka kahawa chungu jikoni, waite majirani.