"Kupotea" kwa Kiingereza: chagua neno kabla ya kuandika ripoti

Kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, Kiingereza huingia hasa kwa mlango wa ripoti. Mama anaeleza kwa Kiswahili, mkalimani anapitia Kifaransa alichosomea, kisha mkono unaandika Kiingereza. Neno "kupotea" likipita njia hiyo bila kuchunguzwa, laweza kumzika mtu aliye hai. Nafundisha wakalimani na waandishi wa ripoti, na hizi ndizo hatua ninazowapa.

Hatua ya 1. Muulize mwenye habari

Usiandike kitu kabla ya swali hili: "Mama, utanisamehe: mutoto hamujue kwenye eko, ao alishatutoka?" Linauma kuuliza, lakini jibu lake ndilo linalochagua neno.

Kama hajulikani alipo, andika "The child is missing". Kama yupo mbele yako analia mtaani Birere, hajui njia ya kwao, huyo ni "a lost child". Kama amefariki, andika "The child died", wazi wazi.

Jihadhari sana na "lost" ikiwa kitenzi. Ukiandika "She lost her son", msomaji wa Kiingereza ataelewa kwamba mwana amekufa, na hakuna atakayemtafuta. Volkano yetu ya Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, watu wakakimbilia Rwanda, kisha Sake na Bukavu, watoto wengi walitengana na wazazi wao njiani. Habari kama hiyo huandikwa "She was separated from her son while fleeing", halafu, kama bado anatafutwa, "He is still missing".

Wanaohudumia watoto hutofautisha pia maneno mawili. "Separated child" ametengana na wazazi, ila huenda yuko kwa shangazi au ndugu mwingine. "Unaccompanied child" hana mtu mzima yeyote wa ukoo wala mlezi wake wa kawaida. Mtoto akiingia kwenye orodha isiyo yake, anapata msaada usio wake.

Hatua ya 2. Ondoa Kifaransa kichwani

Shuleni tulizoea "disparu", yaani aliyetoweka, nalo kwa Kifaransa humhusu pia marehemu. "Disappear" ya Kiingereza haina maana hiyo. "My father disappeared in 2002" inamaanisha kwamba hadi leo familia haijui alikokwenda. Kama mlimzika, andika "died" au, kwa upole, "passed away".

Kuna na sarufi. Wengi huandika "He is disappeared" kwa kufuata mtindo wa Kifaransa. Andika "He has disappeared". Ukitaja siku, "has" inaondoka: "He disappeared on Monday".

Hatua ya 3. "Was disappeared" ni shitaka

Utakutana na sentensi "He was disappeared" katika maandishi ya haki za binadamu, na si kosa. Matumizi hayo yalienea kutokana na tawala za kijeshi za Amerika ya Kusini miaka ya 1970, hasa Argentina na Chile, ambako waliochukuliwa na kufichwa waliitwa kwa Kihispania "desaparecidos". Umoja wa Mataifa ulipitisha mkataba dhidi ya vitendo hivyo mwaka 2006, ukaanza kutumika 2010, na kila tarehe 30 Agosti watu hao hukumbukwa duniani.

Kwa hiyo ukiandika "was disappeared" unasema kwamba watu wa serikali, au walioungwa mkono nayo, walimchukua mtu kisha wakakana au wakaficha alipo. Usiitumie kwa kukisia. Kundi lenye silaha likimkamata mtu barabarani, andika "was abducted". Usipojua nani alimchukua, "is missing" inatosha, na haimponzi shahidi wako.

Hatua ya 4. Vitu, rangi, maumivu

Hapa hatari ni ndogo, twende haraka.

"Disappear" hufaa karibu popote: "The summit disappeared into the clouds", kama Nyiragongo inavyofunikwa na mawingu. "Vanish" ni ghafla na bila maelezo: "The money vanished". "Fade" ni polepole, kama kitenge kinavyochuja au redio inavyofifia: "The colours faded". Usiichanganye na "fade" ya Kifaransa, chakula kisicho na ladha. Hicho kwa Kiingereza ni "bland". Dawa ya ganzi ikiisha nguvu, sema "It wore off". Aina ya mnyama ikiisha kabisa duniani ni "extinct". Gorila wetu wa milimani bado ni "endangered", yaani wamo hatarini.

Ninayoipenda zaidi ni "go missing". "My phone went missing" haimshutumu mtu. "My phone was stolen" inasema kuna mwizi, na ofisini wenzako wataanza kutazamana.

Hatua ya 5. Salamu

"Umepotea sana!" ni upendo. Wakenya na Waganda husema "You are lost!" na wanaelewana vizuri, lakini mgeni kutoka London atadhani unamwambia amekosea njia. Mwambie "I haven't seen you for ages". Na "Get lost!" ni tusi la kumfukuza mtu.

Hatua ya 6. Jipime

Tafsiri sentensi tatu bila kutazama juu: kiatu kimoja kimepotea, homa imepotea, kaka yake alipotea Walikale 1996.

Ya kwanza ni "One shoe is missing". Ya pili, "The fever has gone". Ya tatu inarudi kwenye swali la hatua ya kwanza. Familia ikijibu kwamba haijui, andika "Her brother went missing in Walikale in 1996", na kama hawajapata habari zake tangu hapo, ongeza "and has not been heard from since".