Usalama wako unapokwenda ng'ambo kufundisha Kiingereza

Karibu wote wanaoniuliza habari za kwenda ng'ambo kufundisha Kiingereza huanza na maswali ya mtaani. Kuna vibaka? Mwanamke anaweza kutembea usiku? Ni maswali ya haki na nitayafikia. Lakini katika miaka niliyofundisha China na baadaye Thailand, walimu niliowaona wakikwama vibaya hawakukwamishwa na vibaka. Walikwamishwa na mwajiri au wakala aliyeshika pasipoti yao, nyumba yao na mshahara wao kwa wakati mmoja. Kwa hiyo shabaha ya yote nitakayosema ni moja: asipatikane mtu mmoja mwenye uwezo wa kukunyima hati, makazi na fedha kwa siku moja.

Viza kwanza

Jina la viza ya kazi ya nchi unayoiendea ulijue kabla hujazungumza na wakala yeyote. China ni viza ya Z. Thailand ni viza ya aina B, halafu kibali cha kazi. Korea Kusini walimu wengi wa lugha huingia kwa E-2, na ile ya kufundisha Kiingereza kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Kama pasipoti yako si ya nchi hizo na mtu anakuhakikishia kazi ya Seoul, mwombe akuonyeshe ni viza gani hasa na kifungu gani. Mkweli atajibu siku hiyohiyo.

Ukiambiwa uingie kwa viza ya utalii ili wakubadilishie ukishafika, kataa. Ukifundisha kwa viza ya utalii, mvunja sheria ni wewe. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika Julai 2013, inaweka faini ya yuan 5,000 hadi 20,000 kwa mgeni anayefanya kazi bila kibali, na kosa likiwa zito anawekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Anaweza pia kufukuzwa nchini. Mimi faini hainitishi kama jambo la pili: mwalimu asiye na kibali hawezi kwenda polisi kusema hajalipwa, wala kusema meneja amemshika. Mwajiri analijua hilo tangu siku anayokuandikia barua pepe ya kwanza.

Wakala, na gari linalokupokea

Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka msingi kwamba wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada. Si kila nchi imeuridhia, lakini ni kipimo kizuri: wakala wa kweli analipwa na shule. Ada ya viza, cheti cha polisi na vipimo vya afya unaweza kulipa mwenyewe, ila lipa ofisini kwa risiti yenye jina lako, si kwenye namba ya simu ya mtu. Hati za shahada tuma nakala zilizothibitishwa. Shahada halisi ibaki nyumbani au mikononi mwako.

Sasa jambo zito kuliko yote. Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti ikikadiria kuwa huenda watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na takriban 100,000 nchini Cambodia wanashikiliwa kwenye makambi na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Wengi walivutwa na tangazo la kazi nzuri. Ripoti ile inasema wengi wao ni wasomi, wanaojua kompyuta na lugha zaidi ya moja. Huyo ni mimi, na ni wewe unayesoma hapa. Dalili ya tangazo la namna hii ni kazi isiyoeleweka vizuri, mshahara mkubwa kupita wa walimu wengine, tiketi inayotumwa haraka bila mtu kukuhoji juu ya ufundishaji, na ahadi ya kazi Thailand ambayo jina la shule halitajwi.

Baadhi ya makambi hayo yako Myawaddy, mji wa Myanmar unaotazamana na Mae Sot ya Thailand, mto Moei katikati. Kutoka Bangkok hadi Mae Sot ni karibu kilomita 500 kuelekea kaskazini-magharibi. Ndiyo maana nawasihi watu wanunue laini ya simu ndani ya uwanja wa ndege, kabla ya kutoka nje, na wafungue ramani wakiwa wamekaa kwenye gari la mwenyeji. Kama shule iko Bangkok na gari limeshapita Ayutthaya, mji ulio kaskazini mwa Bangkok, na bado linakwenda, omba kwenda chooni kwenye kituo cha mafuta chenye watu, teremka na begi lako la mkononi, usirudi garini. Piga 1155, polisi wa watalii wa Thailand, au 191. Masanduku hayana thamani ya kurudi kuyafuata.

Zungumza na mwalimu aliyepo

Omba namba ya mwalimu mgeni anayefundisha pale sasa hivi, na uzungumze naye kwa simu ya video bila meneja kuwepo. Usimwulize kama shule ni nzuri, maana atakujibu ndiyo. Muulize mshahara wa mwezi uliopita uliingia tarehe ngapi. Muulize mwalimu unayekwenda kushika nafasi yake aliondoka lini na kwa sababu gani, nani ana ufunguo wa akiba wa nyumba za walimu, na pasipoti yake iko wapi wakati huo mnaozungumza. Akikawia kwenye swali hili la mwisho, subiri, usimjazie maneno. Shule inayokataa kukupa namba ya mwalimu hata mmoja, achana nayo.

Mkataba usome wote. Jina la kampuni lililoko kwenye mkataba lifanane na lililoko kwenye barua ya mwaliko wa viza, herufi kwa herufi, kwa sababu kibali kinakuruhusu kumfanyia kazi yule tu aliyetajwa. Mikataba ya lugha mbili mara nyingi ina kifungu kinachosema lugha ya nchi ndiyo itakayofuatwa mgogoro ukitokea, kwa hiyo mtafutie msomaji asiye mtu wa shule. Angalia pia adhabu ya kuondoka mapema, na nyumba unatakiwa kuiacha baada ya siku ngapi kazi ikikoma. Kifungu cha kuhama siku hiyohiyo omba kibadilishwe kabla hujatia saini. Mimi niliomba siku 14 na nikapewa bila ugomvi.

Pasipoti

Wiki yangu ya kwanza katika shule moja, karani wa utumishi alininyooshea mkono akasema, kwa upole kabisa, kwamba pasipoti za walimu wote hukaa kwenye kabati la ofisi "kwa usalama". Kabati lilikuwa wazi nyuma yake na niliziona zimepangwa, zimefungwa kwa mpira. Nilimwambia nitamtolea nakala ya rangi wakati huohuo, na kama uhamiaji wanaitaka yenyewe, nitaipeleka mimi. Nikaenda kwenye mashine ya fotokopi nikiwa nayo mkononi, nikarudi na nakala mbili, nikamwandikia na tarehe. Hakusema neno. Mwenzangu aliyefika mwezi mmoja kabla yangu aliiomba yake alasiri ileile, akaambiwa meneja mwenye ufunguo kasafiri.

Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa. Nchi nyingi, Falme za Kiarabu zikiwemo, zinamkataza mwajiri kuishikilia. Kuna nyakati ofisi ya serikali huichukua kihalali: China, unapoomba kibali cha kuishi, polisi wa uhamiaji hubaki nayo siku kadhaa na kukupa stakabadhi. Nenda mwenyewe, hata ukisindikizwa na mtu wa shule, na stakabadhi iwe mfukoni mwako. Siku ya kuichukua imo kwenye karatasi ile, na siku hiyo uwepo dirishani.

Picha za pasipoti, viza, mkataba na bima mtumie mtu mmoja unayemwamini nyumbani, pamoja na jina la shule na anwani yake kwa herufi za huko. Anwani iliyoandikwa kwa herufi za Kilatini peke yake haitamsaidia polisi wa Chengdu, China.

Nyumba

Nyumba ya shule ni nafuu, lakini ni ya mwajiri. Kama ni yako ya kwanza ikubali, halafu fanya mambo haya siku unayoingia, kukiwa bado mchana. Jaribu kila komeo, la dirisha na la roshani. Piga picha hali ya nyumba. Tembea kwa miguu hadi chini kwa ngazi za dharura, usizitazame tu, kwa sababu nimekuta mlango wa chini umefungwa kwa mnyororo. Nilipiga picha nikaituma kwa mlinzi na meneja kwa pamoja, ukafunguliwa. Omba moyo wa kitasa ubadilishwe hata kwa gharama yako. Ni kazi ya dakika chache kwa fundi, na waliokaa kabla yako hawatakuwa na ufunguo tena. Mimi, mwanamke niliyeishi peke yangu, nilikuwa pia na kabari ya mpira ya kusukuma chini ya mlango usiku. Haizidi uzito wa sabuni, nasafiri nayo hadi leo.

Japani, uliza jengo lilijengwa mwaka gani. Kanuni za ujenzi za kuhimili tetemeko zilikazwa Juni 1981, na tofauti ya majengo ya kabla na baada imeonekana kwenye matetemeko makubwa. China, ukikaa kwenye nyumba badala ya hoteli, una saa 24 za kujiandikisha kituo cha polisi cha eneo lako. Hoteli hukuandikisha yenyewe, kwenye nyumba hakuna wa kukuandikisha.

Mtaani

Namba za dharura ziandike kwenye karatasi nyuma ya simu. Polisi ni 110 China na Japani, 112 Korea Kusini, 113 Vietnam. Gari la wagonjwa ni 120 China, 119 Japani na Korea, 115 Vietnam, 1669 Thailand. Usiku tumia gari la kuagiza kwa programu ya simu, linganisha namba ya gari kabla ya kufungua mlango, mtumie mwenzio safari yako. Kinywaji ukikiacha mezani, agiza kingine.

Kinachoumiza walimu Kusini-Mashariki mwa Asia kuliko ujambazi ni pikipiki. Nimewatembelea wenzangu wengi hospitali na karibu wote walianguka na pikipiki za kukodi. Leseni ya gari haikuruhusu kuendesha pikipiki, na leseni ya kimataifa inategemea mkataba wa kimataifa wa barabara ilikotoka: Vietnam inatambua ya mkataba wa mwaka 1968, si wa 1949. Bila leseni sahihi bima ina sababu ya kutokulipa, na mwenye duka la kukodisha hatakuuliza. Wala usimwachie pasipoti kama rehani.

Dawa na maneno

Dawa ulizoandikiwa na daktari wako zinaweza kuwa kosa la jinai uendako. Dawa za amfetamini haziingii Japani hata ukiwa na cheti. Tramadoli na kodeini zinadhibitiwa vikali Falme za Kiarabu. Ulizia ubalozi wao kwa maandishi, utunze jibu.

Darasani, ujue kisichozungumzwa. Thailand, kifungu cha 112 cha sheria ya makosa ya jinai kinatoa kifungo cha miaka 3 hadi 15 kwa kila kosa la kumtusi mfalme, na chapisho la mtandaoni linahesabika. Usiwape wanafunzi mada hiyo, wala usiibonyezee "nimependa" chapisho usilolielewa.

Ukilazimika kuondoka

Tenga fedha za tiketi na za kuishi mwezi mzima kwenye akaunti ambayo mshahara hauingii. Mwajiri asiijue.

Ukiona mambo yanaharibika, mshahara umechelewa mara ya pili au wamekutisha, usitoroke usiku. Kwanza toa nje ya nyumba vitu vya maana kidogokidogo, kwa rafiki. Hifadhi ujumbe wote wa simu, piga picha za skrini, kwa sababu akaunti ya kazini inaweza kufungwa asubuhi moja. Ongea na ubalozi wako siku ya kazi, asubuhi. Hawatakulipia mshahara wala kukutetea mahakamani, ila wanaweza kukutolea hati ya dharura ya kusafiria na kukupa orodha ya mawakili. Ukikamatwa, kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli kinakupa haki ya ubalozi wako kuarifiwa bila kuchelewa. Itamke haki hiyo mapema, uirudie, na usitie saini karatasi usiyoweza kuisoma.

Kama unataka kuendelea kufundisha nchi hiyohiyo, China hasa, usipande ndege bila barua ya kuachiwa kazi na cheti cha kufutwa kwa kibali chako. Bila hizo shule inayofuata haiwezi kukuombea kibali kipya. Ziombe kwa maandishi siku unayotoa notisi, taja tarehe, na mtumie nakala yule mtu wako wa nyumbani.